Siku Nilipomwona Mama Mkwe kwenye Kioo

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza vipuri vya malori Kitwe, na kila akivuka mpaka kuja kwetu Tunduma huwa na jambo jipya la kutufundisha. Safari moja lilikuwa kufuga kware. Safari nyingine lilikuwa mafuta ya kuotesha nywele, ambayo yeye mwenyewe alishayapaka mwaka mzima na kipara chake kiko palepale. Desemba ile alikuja na simu tatu za kugusa, zikiwa bado kwenye maboksi, akazipanga juu ya meza yangu ya chakula na kukaa pembeni akisubiri tushangae.

"Ba shem," akasema, "simu ya kawaida imeshakufa. Dunia nzima inapiga kwa intaneti. Nyinyi bado mnakwangua vocha?"

"Tunakwangua," nikamjibu.

"Awe, hapana! Hiyo ni aibu, shem. Na mnapigiana bila kuonana?"

Nilimwambia kwamba simu ni ya kusikia, na kwamba mtu akitaka kuniona dukani nipo kuanzia asubuhi. Alicheka kile kicheko chake cha kumwonea huruma mtu. Nimekichukia kicheko hicho tangu siku ya kwanza nilipopeleka barua ya posa kwao.

Mimi nauza maturubai na kamba za kufungia mizigo kando ya barabara ambako malori yanapanga foleni kuvuka, kwa hiyo watu wa simu za intaneti nawaona kutwa nzima. Dereva mtu mzima, ana wajukuu, anasimama katikati ya vumbi amenyoosha mkono mbele, anapiga kelele kwenye kiganja chake: "Unaniona? Mimi nakuona! Unaniona?" Upande wa pili mke wake ameganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Wanakaa hivyo, wanaulizana kama wanaonana, mpaka bando linakata, na jambo lenyewe walilopigiana halijasemwa. Baadaye dereva huyohuyo ananiomba simu yangu ya kubonyeza ampigie mkewe amwambie neno moja. Nampa. Anamaliza kwa nusu dakika, ananirudishia, halafu ananiuliza kwa nini sinunui simu ya maana.

Sikatai kwamba kupiga ng'ambo kwa laini ya kawaida kunamaliza vocha upesi. Wala sikatai kwamba hapa mpakani simu zimechanganyikiwa: ukisimama upande huu wa duka langu uko Tanzania, ukienda kwenye stoo ya nyuma simu inakukaribisha Zambia na kurudisha saa nyuma kwa saa nzima. Mke wangu alitaka kuzungumza na kaka yake bila kuhesabu dakika, na hilo nililielewa. Kwa hiyo simu mbili za kwanza, yangu na ya mke wangu, nilizikubali kwa shingo upande. Shemeji angeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Simu ya tatu ilikuwa ya mama yake.

Mama mkwe wangu ni mjane. Anaishi Ihanda, kwenye shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe, na katika miaka kumi na tisa ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kumtazama usoni. Wasiotujua wakisikia hivyo hudhani tuna ugomvi. Hatuna. Ndivyo mwanaume na mama wa mke wake wanavyoheshimiana katika familia zetu, upande wa kwetu Momba na upande wa kwao Mbozi. Nikimwona njiani naingia pembeni na kumpa mgongo mpaka apite. Nikifika kwake nakaa sebuleni, yeye anakaa jikoni, tunasalimiana kupitia ukuta. Chakula ananipelekea mtu mwingine. Kanisani yeye hukaa mbele kwa akina mama, mimi nyuma kabisa karibu na mlango, na nikitoka natoka wa kwanza. Siku hizi wapo wanaoona huo ni ushamba, na shemeji yangu ndiye mwenyekiti wao. Ukoo mwingine huwa unaandaa chakula cha kumfungulia mkwe ili waonane rasmi. Sisi tulikipanga mara mbili, mara mbili msiba ukatangulia, kisha tukazoea.

Simu ya kawaida ilitufaa sisi wawili kuliko mtu yeyote. Ni ukuta unaobebeka. Kila Jumapili baada ya ibada nilimpigia kwenye kisimu chake cha kubonyeza, kile cha tochi, naye alikaa jikoni kwake na mimi nikakaa kwenye marobota ya maturubai, tukaongea. Hatukuongea mambo makubwa. Bei ya kahawa, mchungaji mpya anayehubiri mpaka watu wanasinzia, nani kaoza binti. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni, na nasema wazi kwamba yule mama wa Ihanda nilimpenda. Nilimjua kwa sauti yake tu. Nilijua akiwa amechoka, akiwa na njaa, akiwa na hasira na jirani lakini hataki kusema.

Kwa hiyo habari ya mguu wake nilikuwa wa kwanza kuijua. Ana kisukari, na hilo watoto wake wote wanajua. Wasilolijua ni kwamba mwezi wa kumi alijikwaa kisiki shambani, akapata kidonda kwenye kidole gumba, na kidonda kikagoma kupona. Nilimbana Jumapili moja baada ya kusikia anavuta pumzi kila anapoinuka, akaniambia.

"Nisikilize, baba," akasema. Huwa ananiita baba. "Wewe nakwambia kwa sababu hunioni. Wanangu ukiwaambia watanihamishia Kitwe, kahawa yangu ife. Niahidi."

Nikamwahidi, kwa sharti kwamba ataenda kusafishwa kidonda kila wiki, na kila Jumapili nitamuuliza na yeye atanijibu ukweli. Alikubali. Nilimuuliza ukubwa, nikamuuliza rangi, nikamuuliza kama kinanuka, maswali ambayo mkwe hapaswi kumuuliza mama mkwe, na alinijibu yote kwa utulivu kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Kufikia Desemba kilikuwa kinafunga. Muuguzi alimwambia kwamba akiendelea hivyo mwaka mpya atavaa viatu vyake vya kanisani.

Shemeji akaenda Ihanda na simu yake. Alikaa siku mbili. Alimwekea mama yake laini mpya, akamwingiza kwenye kundi la ukoo, akamfundisha kujibu kwa kuburuta kidole, na kile kisimu cha tochi akakiondoa kabisa ili, kama alivyoniambia kwa kujisifu, "asipate kishawishi cha kurudi nyuma." Alikigawa kwa mtu njiani. Hakumuuliza mwenyewe. Watu wanaoleta maendeleo huwa hawaulizi.

Alipopita Tunduma akirudi kwake, nilimuuliza: mimi na mama tutaongeaje?

"Kuna sehemu mbili, shem. Ukibonyeza kimkono cha simu, ni sauti tu. Ukibonyeza kikamera, mnaonana. Hata mtoto anajua."

Nasema hili sasa ili nisionekane natafuta wa kumtupia lawama: alinionyesha. Alininyooshea kidole pale pale. Mimi nilikuwa nimeshughulika kumdharau, nikatazama kipara chake badala ya kutazama kioo.

Jumapili ya kwanza ya Januari nilikaa kwenye marobota yangu, nikafungua simu, nikabonyeza. Niliona uso wa mwanaume mmoja mwenye mashavu mazito, ikanichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Kabla sijaelewa kwa nini najiona, uso wangu ukasogea kwenye pembe na kioo chote kikajaa mama mkwe.

Alikuwa kichwa wazi. Hilo kwanza. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesukwa mistari minne mikubwa, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na ameisogeza simu karibu kabisa na macho akitafuta sauti yangu inatokea wapi. Kidevu chake ni kidevu cha mke wangu. Aliniangalia, nikamwangalia. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Nilipaswa kugeuza simu, nikashindwa hata kufumba macho.

"Yesu wangu," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kioo kikaonyesha paa la bati, majani ya kahawa, kisha giza.

Niliiweka ile simu chini ya turubai, kwa kweli niliificha, nikatoka nje kusimama juani. Mteja akaja kuulizia kamba nikamwambia nimefunga, na mlango ulikuwa wazi.

Jioni ile nilimpigia tena, safari hii kwa laini ya kawaida kabisa, sauti tupu. Iliita mpaka ikakata. Kesho yake nikapiga tena. Ikaita, ikakata. Nilielewa. Zamani simu yake ikilia alijua ni ya sikio. Sasa kinacholia ni kioo kimoja, na hawezi kujua kama akiburuta kidole atakutana na sauti au atakutana na uso wa mkwe. Jina langu likitokea, mke wangu aliniambia baadaye, alikuwa anaifunika simu kwa kitambaa mpaka inyamaze. Mke wangu aliliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Kaka yake alicheka zaidi. Alituma kwenye kundi la ukoo vikaragosi vinavyolia kwa kicheko, na maneno: "Mkwe kamwona mkwe, mbona dunia haijaisha?"

Baada ya mara zile mbili sikupiga tena. Nilijiambia ameamua kunikwepa, na kwamba ni haki yake. Nilijiambia pia kwamba mguu unaendelea vizuri na muuguzi yupo. Kutoka Tunduma hadi Ihanda ni safari ya asubuhi kwenda na kurudi mchana, na malori hayakuwa yananizuia. Nilichokuwa nacho ni aibu, na aibu ile niliipa jina la heshima ili ikae vizuri ndani ya nyumba yangu.

Wenzangu wakati huo walikuwa kwenye sherehe. Kila jioni mke wangu alimpigia mama yake kwa picha. Intaneti kwao inashika nje tu, kwa hiyo mama alitoka na kigoda, akakaa penye mwanga, amefunga kilemba, ameshika simu mbele ya uso kama alivyofundishwa. Shemeji aliingia kutoka Kitwe, dada yao akaingia kutoka Mbeya, vichwa vinne kwenye kioo, kila mtu anamwambia mwenzake kanenepa. "Mama unang'aa!" walimwambia. "Mama umekuwa binti!" Mama alitabasamu. Walipiga picha za lile tabasamu wakazirusha kwenye kundi, ndugu mpaka wa Lusaka wakaweka mikono ya kushukuru Mungu. Kati ya watoto watatu waliokuwa wakimtazama mama yao kila siku, hakuna aliyewahi kumuuliza umelalaje. Wangeuliza ya nini, na wanamwona?

Mimi wakati wa simu hizo nilikaa upande wa pili wa chumba, nimeupa kioo mgongo. Nilikuwa namsikia tu. Ndivyo nilivyosikia, katikati ya wiki ya sita, kwamba kuna kitu kimeharibika. Alikuwa anaeleza habari ya kuku aliyeatamia, na kila baada ya maneno matatu anasimama kidogo, anameza, anaendelea. Mke wangu alimtazama usoni akicheka naye. Mimi nilisikia mtu anayesubiri maumivu yapite ndipo aseme neno linalofuata.

"Mama watoto," nikamwambia alipokata, "mama yako anaumwa."

"Si umemsikia anacheka? Mimi nimemwona kwa macho yangu, baba watoto. Hata rangi imerudi."

Asubuhi yake nilifunga duka nikaenda Ihanda. Sikupiga hodi mlango wa mbele. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikasimama upande wa nje, mgongo umeegemea matofali, nikakohoa ili ajue ni nani.

Ndani nikasikia kigoda kinaburutwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti ilikuwa chini, karibu na sakafu. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Mama, mguu?"

Kuna tundu la moshi juu ya ukuta ule wa jiko, na harufu ilinifikia kupitia hapo. Maswali yote yale niliyokuwa nauliza kila Jumapili, rangi, ukubwa, harufu, yalijibiwa kwa pamoja. Nikachuchumaa palepale.

"Imeanza lini?"

"Baada ya siku ile," akasema. "Nilikosea, baba. Sikwenda kusafisha wiki ile. Nikasema ukipiga nitakwambia, utanigombeza, nitakwenda. Ulikuwa umeshapiga mara mbili, nikaogopa kile kioo. Nikasema ya tatu nitapokea hata kama ni ya uso, potelea mbali. Ya tatu haikuja." Akameza. "Basi nikajua ndiyo umeniona nilivyo, umemaliza hamu ya kuongea na mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenikwepa. Nilikuwa nimebeba maneno hayo wiki sita, na yalikuwa ya kipumbavu kabisa nilipoyafikia mdomoni. Nilimwambia tu asimame, tunaondoka. Akasema hawezi kusimama. Nikaita majirani wanawake wakamtoa na kumpakia siti ya nyuma ya gari nililokodi, mimi nikakaa mbele nikitazama barabara. Njia nzima niliwadharau watu: shemeji yangu, watoto wa mama yule, muuguzi, aliyetengeneza hivyo vidude viwili vya kubonyeza akaviweka jirani. Tulipofika hospitali nilikuwa nimewamaliza wote, nimebaki mimi.

Walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema kama angeletwa wiki ya kwanza au ya pili, wangeondoa kidole tu.

Siku ya nne nilikaa wodini kwenye benchi, mgongo wangu umeelekea kitanda chake kama inavyotakiwa. Mke wangu alikuwa upande wake, anamrekebisha kilemba, kwa sababu shemeji alikuwa anapiga kutoka Kitwe na alitaka kumwona. Nilisikia simu inalia, nikasikia kidole kinaburuta.

"Bamayo, mama yangu!" sauti ya shemeji ikajaa wodi nzima. "Mbona mko safi kabisa! Tabasamu lilelile! Shem yuko wapi, aje aone mama anavyopendeza!"

Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba anatabasamu. Alimtabasamia mwanawe mpaka mtandao ukaganda, wakaulizana kama wanaonana, simu ikakata. Mke wangu akatoka kwenda kuongeza bando ili wampigie tena.

Tukabaki wawili, na wagonjwa wengine wenye shughuli zao. Nilitazama ukuta uliokuwa mbele yangu. Nilikuwa natafuta neno la kuombea msamaha ambalo mwanaume anaweza kulisema akiwa amempa mtu mgongo.

"Baba," akasema.

"Naam, mama."

"Niulize."

Nikamuuliza mguu unaendeleaje. Akaanza kunieleza tangu Jumapili ya kwanza ya Januari, wiki baada ya wiki, rangi, ukubwa, harufu, na hakuruka hata moja kati ya zile sita ambazo sikuuliza.